Bi Kazija wa Kidichi

Hapa Mji Mkongwe hakuna mwanamke mwenye kichwa kama changu. Nimealika harusi za mama, nikaja nikaalika za binti zao, nyumba kwa nyumba, na sijapata kuruka mlango. Juzi tu nlisimama pahala nikapiga hodi mpaka mkono ukauma, nikawatukana wenye nyumba kwa kutoitika, kumbe ni kwangu na ufunguo nimeufunga mwenyewe kwenye pindo la kanga.

Basi tuseme ni kichwa kizuri kinachohitaji msaada.

Kazi yangu kualika. Kwetu sisi kadi ni karatasi ya kupepea moto. Mtu hajaalikwa mpaka mwalikaji afike mlangoni kwake, akae, anywe japo maji, aseme kwa mdomo wake: "Fulani anakwita shughulini kwake." Nyumba ukiiruka haiji, na wala haisahau. Wapo watu mjini hapa hawazikani kwa sababu ya mlango mmoja ulorukwa.

Tatizo, majina huja wakati mikono imejaa. Nimekaa kwenye mbuzi nnakuna nazi, mtu anapita dirishani: "Bi Kidawa, usimsahau mama Anwar, kahamia Jang'ombe!" Nkimaliza nazi, mama Anwar keshatoka kichwani na viatu vyake mkononi.

Mjukuu wangu Thuwaiba, anayefanya kazi zake za kompyuta hapa hapa ukumbini, ndiye alonipatia dawa. Ana programu ya kuandikia, maandishi matupu, haina hata ua. Ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, chini kinachomoza kidirisha. Unaandika mstari mmoja, unabonyeza tena, kinajifunga, na mstari wako umekwenda kukaa na wenzake kwenye faili.

"Usipange, Bibi, usisahihishe," aliniambia. "Neno likikujia, liandike, urudi kwenye nazi yako. Kupanga ni baadaye."

Darasa la saba nlifika, herufi nnazijua. Ilipokuja harusi ya Faiza, binti wa Bi Ummkulthum, nikawa nnaandika kwa kidole kimoja chenye tui. Majina yote ya waalikwa yakaingia humo, na mengineyo: Mtungi una ufa. Mwamvua hajarudisha kawa langu.

Mwamvua ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Tunaishi nyumba moja, yeye juu mimi chini, kama nzi na kidonda. Nani nzi, mtajua wenyewe. Hii kazi yangu anaitamani tangu meno yake yakiwa yake. Mwalikaji kila aendako anafukizwa udi, na siku ya harusi anakaa mbele, ubavuni mwa mama wa bi harusi. Mwamvua hukalishwa nyuma, karibu na masufuria.

Alasiri moja Bi Ummkulthum akaingia bila hodi.

"Bi Kidawa! Shangazi yake Faiza wa Paje kaacha mwani wake pwani kunipigia simu ya matusi. Anasema harusi tunamficha!"

"Nlimwandika."

"Wapi?"

Nikafungua faili. Mama Anwar yupo. Mtungi upo na ufa wake. Paje hakuna, shangazi hakuna.

Mwamvua alikuwa keshashuka ngazi, maana ugomvi una harufu na pua yake haina kazi nyengine.

"Masikini wifi yangu," akasema, sauti imepakwa asali. "Utu uzima huo. Tusimlaumu, tumwombee."

"Jiombee wewe, una mengi."

"Mie kichwa changu kipo, alhamdulillahi. Si cha kutafutwa kama mbuzi alopotea."

"Kipo, kweli. Hakijatumika."

Bi Ummkulthum akatukata wote wawili. "Sikilizeni. Nyumba nyengine ikirukwa, kualika atamalizia Bi Mwamvua. Na watu wakiniuliza sababu, Bi Kidawa, nitawaambia: akili imemtoka."

Hilo la mwisho ndilo lilonichoma. Kazi naweza kuiacha, miguu yenyewe imechoka. Lakini mwanamke akishasemwa mjini kwamba akili imemtoka, hakuna tena anayembishia wala kumtania. Anaitikiwa tu, kama mtoto mgonjwa. Mie nisibishiwe? Bora mnizike.

Walipoondoka nikamuuliza Thuwaiba: "Hii programu yako inakula maneno?"

"Haili, Bibi. Kilichoingia kinakaa mpaka mkono wa mtu ukifute. Nikurejeshee neno la siri?"

"Ulilitia, nikalisahau, ukalitoa. Liache hivyo hivyo. Nnataka mwizi akute mlango wazi."

Asubuhi yake nikasubiri nikasikia kandambili za Mwamvua juu ya ngazi. Hapo nikapaza sauti: "Subhanallah! Huyu ningemsahau!" Nikabonyeza vitufe vyangu, nikaandika: Kidichi, karibu na magofu ya hamamu. Bi Kazija, mtu mzima wa kwao Ummkulthum. Asirukwe, mwepesi wa kununa.

Huyo Bi Kazija nlimzaa mimi pale pale, kwa kidole kimoja. Hana baba, hana mama, hana nyumba. Nikavaa baibui nikenda sokoni kununua samaki, na sikufanya haraka. Niliporudi, Bi Kazija alikuwa keshafutwa, hata kununa hajawahi.

Nikaendelea kualika, mlango baada ya mlango, na Mwamvua kila akiniona anatabasamu kama mtu aliyemeza ndimu kwa hiari.

Haukupita muda, akamleta Bi Ummkulthum mwenyewe, amemshika mkono kama anamwongoza msibani. Mimi na Thuwaiba tulikuwa ukumbini.

"Nlitaka kunyamaza," akaanza Mwamvua, "wifi ni wifi. Lakini yupo mtu mzima wenu kule Kidichi, karukwa. Jana nimekwenda mwenyewe kumtaka radhi."

Bi Ummkulthum akanigeukia, macho mekundu. "Umesikia? Nlikwambia nini mie?"

"Nimesikia," nikasema kwa unyonge, na unyonge naujua nkiutaka. "Wifi, kakupokea vipi, masikini?"

"Kwa machozi. Kanishika mkono hivi, hauachi. Kasema, 'Mwamvua mwanangu, laiti ungekuwa wewe.'"

"Kakukirimu lakini?"

"Chai ya mdalasini na mkate wa kumimina. Mtu ana fundo moyoni na bado anakirimu!"

"Na ile miguu yake?"

"Mibaya. Kusimama hawezi, kanisindikiza kwa macho."

Thuwaiba akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza.

"Basi mtaje," nikamwambia, "Bi Ummkulthum ende akamwangukie miguuni leo leo."

"Bi Kazija," Mwamvua akasema, kidevu juu. "Pale karibu na magofu ya hamamu."

Bi Ummkulthum akautoa mkono wake mkononi mwa Mwamvua, taratibu.

"Mimi nimezaliwa pale, nimekulia pale. Bi Kazija hatuna."

"Labda wa upande wa baba."

"Baba yangu na mama yangu ni watoto wa ndugu. Upande ni mmoja."

"Basi jirani."

"Jirani gani asiyeweza kusimama, nisimjue, na mie kila Ijumaa nipo huko kwa mama yangu? Machozi ya nani uliyaona, Bi Mwamvua? Na jina hilo kakupa nani?"

Mwamvua akanitazama mimi, akamtazama Thuwaiba, jasho limemchuruzika mpaka shingoni.

"Mie kompyuta yao sijaigusa!"

"Kwani," akasema Bi Ummkulthum, "nimekuuliza kompyuta?"