Macho ya Temeke

Mwaka ule watu wa Temeke hawakuwa na neno jingine midomoni ila ghorofa la stesheni. Wakubwa wa reli walitundika picha yake ukumbini, pale zinapokatwa tiketi, na chini ya picha wakaandika kwamba wanakusudia kujenga maofisi juu ya stesheni, ghorofa kumi na mbili kwenda juu, na mwenye neno alitoe. Kumi na mbili, jamani! Nyumba ndefu kuliko zote mjini wakati ule ungezihesabu ghorofa zake kwa vidole vya mkono mmoja, na hata hizo watu walikuwa wakizifungia safari kwenda kuzitazama.

Neno walilitoa. Marijani, mchukuzi wa mizigo pale stesheni, mtu wa maskhara tangu kuzaliwa, aliapa kwamba atakayesahau kofia yake huko juu itambidi alale njiani akiifuata. Wengine waliuliza maji yatapandaje. Kina mama ndio waliouliza la maana: mtu akifia juu, jeneza litashukaje? Na hao walio juu watakosaje kutuona uani tunapooga? Hili la uani liliwakera hata wanaume, maana uani ndiyo sitara ya nyumba, na uani hauna paa. Lakini usidhani walikuwa wakinung'unika tu. La hasha. Walikuwa wamepigwa na butwaa. Mtu anatoka Temeke kwa miguu, anasimama mbele ya ile picha, anatikisa kichwa, kisha anarudi zake Temeke bila kununua hata ndizi.

Kisha wakubwa wa reli wakaongeza ajabu juu ya ajabu. Wakasimamisha mnara wa vyuma kando ya stesheni, kimo kile kile cha hilo ghorofa, wapimie upepo. Juu yake waliweka jukwaa la mbao, na ubavuni winchi ya kupandishia kasha la chuma lenye uzio. Kutoka Temeke uliuona umesimama juu ya minazi yote. Wakatangaza kila mtaa utoe mtu mmoja mwaminifu, apandishwe, ajionee, kisha ashuke awaambie wenziwe kama uani zinaonekana au hazionekani. Zamu ya Temeke ikaangukia mwezi ishirini na tisa Shaabani, jioni.

Hapo hapakuwa na mjadala. Siku hiyo ndiyo ya kuutafuta mwezi wa Ramadhani, na Temeke mtafuta mwezi alikuwa mmoja tu, Maalim Aidarus. Babu yake alikuja kutoka Hadhramaut na kikapu cha tende, yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa, na duka lake la kona ndilo lililouza sukari na mafuta ya taa mtaa mzima. Miaka kumi na minane neno lake moja, "Nimeuona", ndilo lililowaamsha watu kula daku. Basi watu wakapiga hesabu: huku chini minazi inaziba, huko juu hakuna cha kuziba. Maalim atapanda mara moja na kuwaletea mambo mawili, habari ya uani na habari ya mwezi. Akisema ameuona, watafunga. Akisema hakuuona, watakula.

Walilokuwa hawalijui ni hili: Maalim Aidarus alikuwa haoni.

Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Wateja aliwajua kwa sauti, chumvi na sukari kwa ncha za vidole, na dukani kila kopo alijua lilipokaa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hapa alikuwa mkewe, Bi Badriya. Mwaka wa kwanza wa upofu huo, mwezi ulipotafutwa, Bi Badriya alisimama nyuma yake mlangoni akanong'ona, "Kulia kidogo, juu ya mnazi wa Mwishehe," na watu walipouliza, ulimi wa Maalim ukateleza: nimeuona. Mwaka wa pili haukuteleza tena, ulisema wenyewe. Mwezi wenyewe ulikuwa wa kweli, mkewe hana uongo, lakini ushahidi ulikuwa wa uongo, na Maalim alilijua hilo kila akisimama kuswali.

Bi Badriya akamwambia asingizie homa. Maalim akakataa. Aibu ilikuwamo, haifichiki, lakini kulikuwa na jingine, na hilo alimwambia mkewe kwa sauti ndogo wakiwa wanachambua mchele.

"Badriya, mie nina miaka sitini na miwili. Sijapata kusimama juu ya kitu kirefu kuliko kile kigoda cha kuangikia taa. Niache nipande."

Mwanamke huyu akamtazama mumewe, akamhurumia, na huruma ikamtia ujanja. Chumba chao cha mbele walimpangisha Leodegar, kijana wa Kihaya, karani wa wapimaji wa reli, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili na mwenye adabu asiyepita bila shikamoo. Leodegar ndiye aliyekuwa akikaa kule juu ya jukwaa, na alikuwa amewasimulia habari ya darubini ya wapimaji, jinsi inavyomsomesha majina ya meli bandarini. Basi shauri la Bi Badriya likawa hivi. Yeye atabaki nyumbani autafute mwezi. Akiuona, atatandaza shuka nyeupe juu ya paa la jiko. Maalim kazi yake ni kumwomba kijana amwangalizie nyumba. Akiambiwa kuna shuka, ashuke aseme ameuona. Wala kijana hatajua kitu.

"Mie nitakuwa nimeuona, na mie si mwongo," akasema. Maalim akaitikia, ila mchele ule aliuchambua mara mbili.

Siku ikafika. Stesheni ilijaa hata treni ya Morogoro ikapiga honi robo saa watu watoke njiani. Marijani mwenyewe ndiye aliyempitisha Maalim katikati ya watu, akimtangaza kwa sauti, kwamba pisheni macho ya Temeke yapite. Maalim akacheka pamoja nao, na moyoni akaumia. Akaingizwa kwenye kasha, mlango ukafungwa, winchi ikaguna.

Alishika uzio kwa mikono miwili akasoma kila dua aliyoijua. Kisha akaanza kusikia. Kelele za watu zikashuka, zikashuka, mpaka zikawa mnong'ono. Joto likabaki chini. Upepo wa bahari ukamjia mtupu, hauna harufu ya samaki wala ya moshi, upepo ambao haukuwa umemgusa mtu mwingine kabla yake. Kasha lilipotua kando ya jukwaa na Leodegar akamshika mkono, Maalim Aidarus alikuwa analia na hakujua kwa nini.

"Shikamoo, Maalim. Usione haya," Leodegar akamwambia. "Mimi nimekaa hapa wiki mbili na bado sijazoea."

Mbele yake Maalim aliona weupe. Weupe mkubwa, usio na mwisho, wenye wekundu upande mmoja ambako jua lilikuwa linazama, basi. Akaogopa kukaa kimya, akamwomba kijana amsomee alivyoviona, ati kwa kuwa yeye mtu mzima na kizunguzungu kimemshika. Leodegar akamsomea. Akamwambia habari ya bandari, kwamba imejikunja ndani ya nchi kuliko mtu wa chini anavyodhania, na kwamba Kigamboni ng'ambo ile ni kijani kitupu. Akamwambia vilima vya Pugu viko kule, vya buluu. Akamwambia barabara ya kwenda Kinondoni inapotelea katika minazi, na watu juu yake ni nukta, mpanda baiskeli ni nukta, na bwana mkubwa ndani ya motokaa naye ni nukta tu.

Maalim alisikiliza kila neno. Alizaliwa mji huu, amezika wazazi katika mji huu, na hakuwa amejua kwamba ni mzuri kiasi hicho. Subhanallah, alisema, na akarudia.

Kisha akakumbuka kilichomleta. Akamwomba Leodegar aigeuze darubini upande wa Temeke. Kijana akatafuta, akacheka, akasema kina mama wamesema kweli, uani zote zi wazi: hapa sufuria, pale kamba ya nguo, na bibi fulani anamfukuza kuku. Akaifikia nyumba yao wenyewe.

"Juu ya paa la jiko pana kitu?"

"Hapana kitu, Maalim. Mama yumo uani, amesimama peke yake."

Wakangoja. Ule wekundu ukapungua. Na hapo likatokea jambo ambalo Maalim hakulitia katika hesabu zake. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Ilianza ya Gerezani, ikafuata moja nyingine, kisha kwa mbali ya Kariakoo, na zote zilikuwa zinatoka chini. Maisha yake yote adhana ilimjia kutoka juu au ubavuni. Leo ilikuwa chini ya nyayo zake, inapanda, inampita, inakwenda zake kwa Mola inakokwenda. Alijiona mdogo na alijiona wazi, kama uani usio na paa.

"Maalim," Leodegar akasema, jicho kwenye darubini, "mama ametandaza shuka jikoni. Nyeupe. Sasa anatazama huku kwetu." Akainua kichwa, akageukia magharibi. "Na mwezi ule pale! Mwembamba, uko chini kabisa. Unauona?"

Kila kitu kilikuwa kimekaa sawa. Shuka ipo, mwezi upo, shahidi yuko ubavuni. Lilibaki neno moja tu, na neno lenyewe alikuwa amekwisha kulizoea. Maalim akalitafuta kinywani, na halikuja.

"Sioni, mwanangu," akasema. "Huu mwaka wa tatu sioni kitu."

Leodegar akaiacha darubini. Alimshika mkono akamrudisha kwenye kasha, wakashuka pamoja.

Chini watu wote walikuwa wameinua nyuso. Marijani akafungua mlango. Maalim alibaki amesimama ndani ya kasha, na kwanza akawapa walichomtuma: uani zinaonekana, kina mama wamesema kweli, wakubwa wa reli waandike hivyo. Wanawake wakaguna kwa ushindi. Kisha akasema la pili, na alilisema kwa sauti ya kutosha hata wa nyuma wakasikia.

"Mwezi upo, huyu Leodegar kauona. Mie sikuuona. Mwaka jana sikuuona, na mwaka juzi sikuuona. Aliyeuona ni mke wangu, nami nikakuambieni nimeuona. Macho sina. Nisameheni."

Ee Mola, kelele gani zile! Watu wakafoka. Mmoja akauliza saumu zao za miaka miwili zina hukumu gani. Mwingine akajibu mwezi ulikuwa wa kweli, saumu ni sahihi, dhambi ni ya aliyesema uongo. Wa tatu akasema kijana kauona, lakini ushahidi wa Mkristo haufungishi mtu saumu. Marijani, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, leo alitazama chini. Wakatawanyika makundi makundi, na hakuna aliyempa Maalim mkono. Leodegar ndiye aliyemwongoza mpaka Temeke, mkono kwa mkono, na mara ya kwanza kwa miaka mitatu Maalim Aidarus alitembea barabarani bila kujifanya anaona. Walipofika Keko akawapita mtu wa baiskeli akitangaza kwamba watu wawili wa Kawe wameuona mwezi, kadhi amewakubali, kesho ni kufunga.

Bi Badriya alikuwa bado uani.

"Hukuambiwa habari ya shuka?" akauliza.

"Niliambiwa."

"Sasa?"

"Adhana ilikuwa chini yangu, Badriya. Nisingeweza."

Mwanamke akainamisha kichwa. Akaenda akaivuta ile shuka juu ya paa, akaikunja, akaanza kuwaza futari ya mumewe ya kesho kama kila mwaka, na jambo hilo hakulitaja tena.

Ghorofa halikujengwa. Sababu haikutangazwa, kina mama wa Temeke mpaka leo husema ni wao waliolizuia, na nani atabishana nao? Mnara wa vyuma ulifunguliwa kipande kipande, ukapakiwa kwenye behewa, ukaondoka. Watu waliendelea kununua sukari kwa Maalim, wakimwambia wenyewe kilichomo mikononi mwao, lakini Umaalim wa mwezi uliondoka pamoja na vile vyuma.

Shaabani iliyofuata, mwezi ishirini na tisa, Maalim alifunga duka mapema ili asisikie nyayo za watu wakipita mlangoni kwenda kutafuta mwezi kwingine. Alikuwa ameketi gizani ukumbini aliposikia hodi. Akamjua Marijani kwa sauti, na nyuma yake akasikia miguu mingi, na kitu kirefu cha mbao kikigonga ukuta.

"Maalim, shikamoo. Tumekuja na ngazi," Marijani akasema, bila maskhara. "Tunaomba mama atupandie paa atuonyeshe pa kutazama. Kuona tutaona wenyewe. Nawe tunakutaka utoke, dua hatuna mwingine wa kutuombea."

Maalim akainuka. Kisha akamwita mkewe. Bi Badriya akajitanda kanga mbili, akapanda, na wanaume wa Temeke wakasimama uani kwake, wameinua shingo, wakifuata kidole chake. Wa kwanza akasema ule pale. Wa pili akasema kweli, ule. Halafu uani mzima.

"Mmeuona?" Maalim Aidarus akauliza.

"Tumeuona."

Akainua mikono yake, hakuona kitu, akaomba dua, na watu wote wakaitikia amina.