Jaketi za Kuelea Juu ya Mlima

Ijumaa tarehe tatu Mei, mwaka wa elfu mbili ishirini na nne, saa kumi kasorobo jioni, mlima ulishuka. Nilikuwa nakamua ng'ombe. Nyumba ya jirani yangu Wambugu iliondoka na choo chake na migomba yake, ikaenda kusimama chini huko kwa shamba la chai la watu, kufuli bado iko mlangoni. Mungu ni mwema, kijiji kizima isipokuwa mimi kilikuwa kanisani kuchangia spika mpya. Hakufa mtu.

Kwangu ulibaki ufa. Ulianzia barabarani, ukapita katikati ya kahawa, ukasimama hatua kumi na moja kutoka kaburi la mke wangu Magdaline. Nilipima mwenyewe. Mvua zilipoisha hatua zilikuwa zimebaki tisa, na mvua za Oktoba zilikuwa bado kuja.

Magdaline alifia kwa mkokoteni, tukimsukuma kwenda hospitali Othaya, kwa sababu gari la wagonjwa lilishindwa na barabara yetu. Barabara hiyo wakubwa wameizindua mara tatu. Utepe wamekata mara tatu, soda wamekunywa mara tatu, lami hatujaona hata ya kupaka kiatu. Walimnyima barabara akiwa hai. Sasa wamnyime na udongo? Hapana.

Kwa hivyo tuliandika barua kwa ofisi ya majanga kule Nyeri. Tuliomba mabati, mahema na mahali pa kuhamia. Wiki ya saba lori la serikali likapanda, linakohoa, na wanawake wakapiga vigelegele. Tukafungua magunia.

Jaketi za kuelea majini. Arobaini! Zile za rangi ya machungwa, kila moja na filimbi yake.

Kumbe mtu fulani ofisini alisoma neno mvua akatuandika watu wa mafuriko. Sisi, ambao mto wetu tunauruka bila kupandisha suruali.

Wambugu alivaa moja, akafunga mikanda yote, akaangalia bonde. "Sasa Gatimu, mlima ukirudi, tunaogelea kuelekea wapi?"

Nilicheka mpaka nikakaa kwa matope. Tangu nimzike Magdaline sikuwa nimecheka hivyo, na nilikuwa na hasira nikicheka.

"Tuzipeleke Nyeri," nikasema.

"Turudishe?"

"Ati turudishe? Tuvae!"

Jumatatu tulipanda lori la majani chai, wazee ishirini na watatu wa rangi ya machungwa. Hata Kinyua, naibu wa chifu wetu, alivaa yake juu ya yunifomu, akasema amekuja kutuchunga. Tulipoingia Nyeri watu wa bodaboda walitusindikiza wakipiga honi kama tumeoa.

Askari wa geti alituangalia kutoka kofia mpaka gumboots. "Wazee, mashua mmeacha wapi?"

"Tumeifunga kwa mti wa kahawa," Wambugu akamjibu. "Fungua, kijana, maji iko nyuma yetu."

Akafungua. Angefanya nini? Alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko.

Kwenye ukumbi wa ofisi ya majanga, sijui nani alianza, lakini filimbi ishirini na tatu zililia pamoja. Milango yote ilifunguka. Akatoka Mercyline, mama wa Bungoma aliyeletwa huku na kazi, ndiye mpokeaji wa barua zetu.

"Jamani wazee wangu! Nani amewapeleka baharini?"

"Ni nyinyi, mama," nikasema. "Na hatujui kuogelea."

Alicheka akatoa miwani, akalia kidogo, akavaa tena. Kisha akapanda ghorofani kwa mkubwa wake. Alirudi uso umeshuka. Mkubwa amesema tungoje bajeti ya mwaka ujao.

"Basi tutangoja hapa chini," nikasema, "tukifanya mazoezi."

Nikatoka nje, nikalala kifudifudi kwa ile nyasi yao imeandikwa usikanyage, nikaanza kuogelea. Mimi, ambaye maisha yangu yote sijaingia maji ya kupita magoti! Wambugu akaruka nyuma yangu, akalalamika maji ni baridi. Dakika mbili nyasi yote ilikuwa wazee wakipiga miguu, na Kinyua akipuliza filimbi, "Pumua! Pumua!" Watu walitoka sokoni wakajaa kwa ua. Mama mmoja mwenye duka, Rehana, alileta mandazi akayatupa moja moja, ati anatupa chambo. Simu zilipiga picha mpaka nikaona aibu ya suruali yangu.

Saa tisa mkubwa alishuka mwenyewe. Jasho lake lilikuwa jingi kuliko letu.

"Wazee, tafadhali, simameni. Mtapewa."

"Tutapewa nini? Makasia?" Wambugu akauliza kutoka chini.

Tulipewa mabati thelathini kila boma, na nusu ekari kila mtu upande wa Kiganjo, mahali tambarare, na lori la kutuhamisha kabla ya Oktoba. Akatia sahihi mbele ya watu. Tulimbeba juu juu, yule yule, nami nilishika mguu mmoja. Nimemtukana miezi miwili na bado nilishika mguu.

Kisha Mercyline akaketi ndani na fomu, akatuita mmoja mmoja.

"Mzee Gatimu. Ng'ombe?"

"Wawili."

"Miti ya kahawa?"

"Mia moja arobaini."

"Kuku, mizinga, tangi la maji?" Nikataja. Kila kitu kilikuwa na mstari wake. Akageuza karatasi, akafika mwisho. "Ni hayo tu?"

"Mke wangu utamwandika wapi?"

"Ako wapi, tumwite?"

"Ako kwa kaburi. Ufa umebakisha hatua tisa."

Kalamu ilisimama. Alitafuta mbele na nyuma ya karatasi. Akapigia simu ofisi ya ardhi, wakasema ni kazi ya afya. Afya wakasema ni ya korti. Korti wakasema aanze na naibu wa chifu. Kinyua alikuwa hapo nyuma yangu, nyasi kwenye nywele, jaketi imemkaba shingo.

"Mimi?" akasema. "Mimi nimeagizwa niwahamishe walio hai."

Nje watu wangu walikuwa bado wanaimba. Niliweka kidole mahali pa sahihi na sikutia sahihi.

Mimi na ng'ombe tumepata lori. Je, Magdaline anahamishwa na nani?