Anayeshika Haamui

Heri tulikiri mapema jambo ambalo fundi wa vitasa mwenyewe alichelewa kulikiri: kwa majuma tisa mchezo aliokuwa akiucheza na binti yake ulikuwa ukirudishwa nyuma, naye hakuona. Huyu ni mtu ambaye ukimwekea ufunguo mezani hukuambia kama umezoea mlango wa mbao au wa chuma, mwenyewe hutumia mkono gani, na kama nyumbani kwake kuna mtu anayefunga mlango kwa hasira. Hata hivyo, kila Jumamosi saa nane mchana aliketi mahali pake kwenye kochi, akakaza macho kwenye runinga, akaamini kwamba safari inasonga mbele.

Kochi hilo lilikuwa nyuma ya duka, upande wa pili wa pazia. Mbele ya pazia kulikuwa na jiliwa la kubania vyuma, mashine ya kuchongea funguo, na ubao wa misumari mia mbili, kila msumari na funguo zake zinazosubiri kuchongwa. Nyuma ya pazia kulikuwa na maisha yaliyobaki: meza ya kulia, picha ya marehemu mkewe, runinga, na mashine ya michezo ambayo binti aliileta mwaka ule wa msiba ili nyumba isizoee ukimya.

Mchezo wenyewe uliitwa Lango la Saba. Haukuwa wa kupiga risasi na kuhesabu maiti. Ulikuwa hadithi ndefu ya msafiri mwanamke anayetafuta njia ya kurudi katika mji wake uliofungwa kwa malango saba. Kila aliyekutana naye alikuwa na shida, kila shida ilikuwa na njia mbili tatu za kutatuliwa, na njia uliyoichagua leo ilikuja kukudai baada ya miezi mitatu, ukiwa umekwisha kuisahau. Miongoni mwa wenzake safarini alikuwamo Mbeba Taa, kijana mwembamba mwenye maneno machache, ambaye kwenye lango la nne aliwauza wenzake kwa adui. Tangu siku hiyo fundi alikuwa amekwisha kukata shauri: Mbeba Taa atalala nje ya kambi, atakula mwisho, na wakifika lango la saba atafukuzwa. “Kitasa kilichovunjwa,” alizoea kusema, “hakitengenezwi. Kinabadilishwa.”

Kanuni ya nyumba ilikuwa moja. Anayeshika haamui, na anayeamua hashiki. Ilizaliwa siku ya kwanza kabisa, fundi alipoichukua padi ya kuongozea mchezo kwa vidole vyake vya kazi akamtumbukiza msafiri mtoni mara tatu mfululizo, binti akacheka hadi machozi. Basi wakagawana. Binti alishika, baba akaamua, na mambo yakawa mswano kwa miaka mitatu.

Jumamosi tunayoisimulia, dada yake fundi alikuwapo kama kawaida. Mwalimu huyu mstaafu wa hesabu alikuja kila juma na kazi yake ya kufuma, akaketi kwenye kiti cha meza ya kulia, akadai kwamba runinga haimhusu, kisha asikose neno.

“Kaka,” alisema bila kuinua macho, “hata mimba ya tembo ina mwisho. Nyinyi mnajifungua lini?”

“Lango la saba liko hapo mbele tu.”

“Ulisema hivyohivyo mvua za mwanzo. Sasa hata matope yamekauka.”

“Mambo mazuri hayataki haraka, dada.”

“Mazuri, sawa. Mbona haya hayatembei kabisa?”

Binti aliitazama padi mikononi mwake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Alikuwa na sababu. Miezi mitatu nyuma alikuwa amepata barua. Alisomea mambo ya maji, na mamlaka moja ya maji ilikuwa imemkubalia kazi ya kupima usalama wa maji katika maabara yake, kwenye mji ulio mwendo wa siku nzima kwa basi. Alikuwa amekwisha kuomba muda zaidi, akapewa, na muda huo ulikuwa ukimalizika Jumatatu saa sita mchana. Mwanzoni alijiwekea ahadi ya kumwambia baba yake watakapomaliza mchezo. Kisha, kwa kuwa ahadi ni deni, akapanga mchezo usimalizike. Mashine ilitunza nakala za safari yao za tangu zamani. Kila Jumamosi asubuhi, baba akiwa anahudumia wateja, binti alifungua nakala ya majuma mengi nyuma, akatafuta kazi ndogo ambayo hawakuwahi kuifanya. Juma moja walimtafuta punda aliyepotea. Juma jingine waliamua ugomvi wa wafuga nyuki wawili. Fundi alizipenda sana kazi hizo, akazitolea hukumu ndefu, wala hakujiuliza kwa nini zinazaana kama panya wa ghala.

Siku hiyo msafiri alikuwa akimpelekea mjane mmoja barua. Alipita kando ya kinu cha kusagia nafaka, na binti akaendelea mbele.

“Simama,” fundi alisema.

“Nini, baba?”

“Rudi kwenye huo mlango.”

“Ni mlango tu.”

“Mlango tu ni neno la mtu asiye fundi. Kijaribu kitasa.”

Binti alikijaribu. Kilikuwa kimefungwa. Fundi alijiinua kidogo kwenye kochi, akauegemeza mwili mbele kama afanyavyo anapoletewa na mteja kitasa kilichochezewa na mwizi.

“Hiki kina pini tano za kuinua kwa waya, na ya tatu ni fupi. Nilikwambia uanze na hiyo ya tatu, ukabisha, kisha ukaona mwenyewe. Ilikuwa siku ile mama wa duka la dawa alipofungiwa nje, nikachelewa kuja kukaa. Tulikifungua, mwanangu. Kwa nini kimefungwa?”

“Labda mwenye kinu amerudi akafunga.”

“Mwenye kinu tulimzika.”

Sindano za shangazi zilinyamaza. Binti aliiweka padi juu ya magoti, akaifunika kwa viganja vyote viwili.

“Nimeurudisha nyuma, baba.”

“Kiasi gani?”

“Nimekuwa nikiurudisha. Majuma tisa sasa.”

“Na lango la saba?”

“Tulilifikia zamani. Ungekuwa umemaliza kabla ya ile homa yako.”

Fundi hakukasirika mara moja, kwanza alistaajabu. Aliangalia runinga, kisha binti, kisha ubao wa funguo ulioonekana kidogo penye mwanya wa pazia, mithili ya mtu anayehesabu kama kitu kingine kimehamishwa nyumbani mwake bila yeye kujua.

“Mwambie,” alisema shangazi, aliyekuwa akiijua siri hiyo. “Au nimwambie mimi, na mimi nikieleza jambo sifupishi.”

Binti alilivuta kasha la mchezo kutoka chini ya runinga, akalifungua, akatoa barua iliyokunjwa mara nne ikatoshea ndani. Fundi alivaa miwani. Alisoma barua yote, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akaisoma tena.

“Hapa pameandikwa Jumatatu.”

“Ndiyo.”

“Leo Jumamosi.”

“Najua leo ni siku gani, baba.”

“Kazi ndiyo uliyoisomea?”

“Ndiyo yenyewe.”

“Unaitaka?”

Binti alijibu kwa sauti ya mtu mzima. “Naitaka.”

“Sasa unaogopa nini?”

“Nani atakushikia?”

Baba na binti, bila kupatana, waligeuka kumtazama shangazi.

“Msinitazame mimi,” alisema. “Mimi nitamtumbukiza mtoni kabla hajavaa viatu.”

Fundi alitaka kucheka. Alitaka pia kusema kwamba ni upuuzi, msichana mwenye shahada kuacha ajira kwa ajili ya kidude chenye vitufe. Lakini alikuwa mtu mzima wa kutosha kujua kwamba kilichotajwa si kidude. Aliikunja barua kwa mikunjo yake ileile, akairudisha kwenye kasha, kisha akanyoosha mkono.

“Lete.”

“Nini?”

“Padi. Na fungua nakala ya mwisho kabisa, ile ya langoni. Leo kanuni inageuka. Nashika mimi, unaamua wewe.”

“Baba, langoni kuna Mlinzi wa Mawe. Hata mimi sijui kama ningemweza.”

“Kuna vitasa vingapi vilivyokuja hapa vikiwa vimemshinda fundi mwingine?”

“Vingi.”

“Vilirudi vimefungwa?”

“Hapana.”

“Haya, sogea.”

Kujiamini ni kitu kizuri, ila Mlinzi wa Mawe hakuwa na habari nacho. Alimponda msafiri kabla fundi hajajua kitufe kipi ni cha kuruka. Alimponda tena, na tena. Shangazi, aliyekuwa amekisogeza kiti chake mbele ya runinga isiyomhusu, alihesabu.

“Saba.”

“Usihesabu, dada.”

“Nimehesabu miaka thelathini na mitano. Niache leo, mambo yamenoga?”

Baada ya mara ya nane fundi aliishusha padi, akajinyoosha vidole kimoja kimoja. Alijiona anavyobonyeza: kwa nguvu, mfululizo, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza anayetaka kitasa kimwogope. Yeye mwenyewe amewafukuza wanafunzi kwa kosa hilo. Kitasa hakilazimishwi. Unaingiza waya, unatulia, unasubiri pini ikuambie imefika. Akaanza upya, na safari hii hakushambulia kabisa. Alimzunguka yule Mlinzi, akamwacha arushe ngumi zake, akahesabu kimoyomoyo. Ngumi, ngumi, kimya. Ngumi, ngumi, kimya. Kwenye kile kimya ndipo pini ilipokaa.

Alikufa mara mbili nyingine, lakini vifo vya maana. Mara ya kumi na moja Mlinzi wa Mawe alipiga magoti, akabomoka kokoto kwa kokoto, na binti akampiga baba yake kofi la mgongoni ambalo nyumba hiyo ilikuwa haijawahi kulishuhudia.

“Kumi na moja,” shangazi alisema. “Namba tasa. Nzuri sana.”

Msafiri alisimama mbele ya lango la saba, ufunguo mkononi. Nyuma yake, hatua chache, alisimama Mbeba Taa. Hadithi ikauliza afanywe nini, na machaguo yakawa matatu: afukuzwe; aingie pamoja na msafiri, na lango lijifunge lisifunguke tena milele; au abaki nje, akabidhiwe ufunguo, ili siku yoyote msafiri akitaka kutoka awepo wa kumfungulia.

“Amua,” fundi alisema. Kidole gumba chake, kwa mazoea ya miaka mitatu, kilikuwa tayari kimesimama kwenye lile la kwanza.

“La tatu.”

“La tatu ni kumwachia ufunguo.”

“Nimesoma.”

“Huyu alituuza.”

“Alituuza mara moja, baba. Tangu hapo ametuvusha jangwa la chumvi, amemtibu mganga, amebaki nyuma darajani peke yake akijua anaweza kufa. Mara tisa ametufaa. Wewe ulihesabu ile ya kwanza, ukafunga daftari.”

“Mbona hukuwahi kusema?”

“Hukuwahi kuniuliza. Anayeshika haamui.”

Alisema bila uchungu, jinsi mtu anavyotaja saa. Fundi aliyapitia akilini maamuzi ya miaka mitatu: nani aokolewe kwenye gharika, nani apewe ardhi, mnyama gani auzwe, Mbeba Taa alale wapi. Yote yalikuwa yake. Mikono ya binti ilikuwa imeyatekeleza moja baada ya jingine, hata yale iliyoyaona mabaya, naye fundi alikuwa ameuita huo ushirika. Akili yake ilitaka kuendelea hadi nje ya mchezo, kwenye rangi ya mapazia, saa za kufungua duka, na shule ipi binti asome. Aliiacha iendelee.

Kisha akakishusha kidole hadi kwenye la tatu, akabonyeza mara moja, taratibu.

Msafiri aliingia mjini mwake bila kugeuka nyuma. Lango likajifunga. Nje, Mbeba Taa aliutazama ufunguo kwa muda mrefu, akauvaa shingoni, akaketi chini akiuegemea ukuta, akaiwasha taa yake. Muziki ukaanza, na majina ya waliotengeneza mchezo yakaanza kupanda polepole kwenye kioo.

Shangazi alipangusa pua kwa kile alichokuwa akikifuma. “Vumbi,” alisema, wala hakuulizwa.

Binti alinyoosha mkono azime. Fundi akamzuia.

“Acha. Watu wamefanya kazi. Majina yao yasomwe.”

Yalikuwa mengi, yalichukua karibu nusu saa. Fundi aliyasoma yote, mengine kwa sauti, na mengine akiyatafuna kwa shida kwa kuwa yalitoka pembe zote za dunia. Alipofika kwa waliochora milango aliinamisha kichwa kwa heshima. Binti, pembeni yake, alikuwa akiandika kwenye simu. Alifuta, akaandika, akafuta, akaandika.

“Nimetuma,” alisema.

“Umeandika unaanza lini?”

“Si keshokutwa, Jumatatu inayofuata. Nitaondoka Alhamisi.”

“Vizuri,” fundi alisema, macho yakiwa kwenye runinga. “Ngoja kwanza, bado majina.”

Binti aliondoka Alhamisi. Siku hizi, katika mchezo mwingine, fundi hushika padi mwenyewe kila Jumamosi saa nane, binti akiwa kwenye simu. Na kabla ya kuamua jambo, la mchezoni au la nyumbani, huuliza.