Mkuki Uliotazama Chini

Kila asubuhi kabla sijaenda kazini nilikuwa nikiteremsha silaha za Babu kutoka ukutani na kuzipaka samli. Kwanza ngao ya ngozi ya nyati, iliyokuwa imekauka na kujikunja kingo. Kisha mkuki mrefu wa babake, mzee Emorut, ambao ulining'inia ncha ikitazama juu. Mwisho ule wenye waya wa shaba shingoni. Huo ulitazama chini, kwa sababu nyumbani kwetu mkuki ambao mwenyewe alikufa bila kumkabidhi mtu hauelekezwi juu. Babu aliketi kitini, miguu yake iliyovimba juu ya kigoda, akinielekeza kana kwamba sikuwa nimeifanya kazi hiyo tangu darasa la tano.

"Polepole hapo kwenye shaba, Asekenye. Usikwaruze."

Kulikuwa na mkuki wa tatu ambao sikuruhusiwa kuugusa. Ulikuwa mfupi, wa mtoto, umechomekwa juu kati ya boriti na mabati, na kutu ilikuwa imeula mpaka ukawa mwekundu. Niliuliza juu yake mara moja tu. "Huo uache uoze," Babu alisema, na siku hiyo hakula.

Jumanne hiyo manyunyu yalikuwa yakianguka, na nilikuwa nimefika kwenye shaba pikipiki ilipoingia uani. Dereva alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi. Nyuma yake alishuka mama mzee, mwembamba, helmeti juu ya kitambaa cheupe.

"Hodi! Kwa mzee Omuse ni hapa?" dereva akauliza. "Tumepotea mara mbili. Nyinyi watu wa Adungosi mnaonyesha mtu njia kwa mdomo. 'Kule tu.' Kule wapi?"

"Ni hapa," Babu akajibu. "Karibuni. Yoga," akawasalimu kwa Kiteso.

"Mulembe, mzee," mama yule akaitikia kwa salamu ya Kiluhya, lakini hakukaa. Alikuwa akitazama nilichokuwa nacho mapajani. "Mathews, ndio huu," akamwambia dereva. "Ndio huu wa kwenye simu."

Hapo nikajua kwamba ni mimi niliyewaleta.

Mwezi mmoja kabla, mjini Busia palikuwa na maonyesho ya utamaduni. Chuoni nilisomea utunzaji wa kumbukumbu, na watu wanajua kwamba mbele ya umati siwezi kufungua mdomo ila kuandika naweza. Kwa hiyo nilipoombwa kitu cha kwetu nilipiga silaha za Babu picha na kuandika maelezo chini ya kila moja. Chini ya huu wa shaba niliandika: *Mkuki wa Okwara wa Marachi. Zawadi ya urafiki kwa mzee Emorut.* Ndivyo Babu alivyokuwa ameniambia. Niliandika kwa herufi nzuri, nikafurahi, na sikumwambia.

"Okwara ni baba yangu," mama akasema. "Naitwa Wilkister. Alipokufa nilikuwa sijajua kutembea."

Mkono wa Babu ulitafuta mkono wa kiti, ukaukosa, ukatafuta tena.

Niliwaletea uji. Mathews alikunywa haraka na kuulizia ajon, pombe ya wimbi, akisema amesikia Mteso hawezi kumpa mgeni uji peke yake, lakini hakuna aliyecheka. Mamake alikishika kikombe bila kunywa.

"Mzee, nisaidie kuelewa," akasema. "Sisi tuliambiwa kwamba baba alikwenda kuwinda na rafiki yake Emorut kule kwenye matete ya mto. Nguruwe mwitu akamwua. Emorut alimbeba mwenyewe mgongoni mpaka Marachi, akilia njia nzima. Tukaambiwa mkuki umezama mtoni pamoja na nguruwe. Sasa mjukuu wangu ananionyesha picha, na imeandikwa zawadi."

"Uliokotwa," Babu akasema. "Baadaye. Maji yalipopungua."

"Na zawadi?"

"Mtoto aliandika vibaya."

Alisema hivyo akinitazama mimi, si yeye. Niliinamisha kichwa. Nilitaka kusema, Babu, ni wewe uliyenieleza, ukanieleza hata walivyokumbatiana. Lakini maneno yangu hufika kooni yakarudi, ndivyo yalivyo tangu utotoni.

"Si neno, mzee," Mathews akasema. "Makarani ni hivyo hivyo. Hata kitambulisho changu kinasema mdogo wangu alinitangulia kuzaliwa."

Mama Wilkister aliweka kikombe chini. "Kwetu, watu wakishazika, inakuja siku ya kunyoa. Wafiwa wananyolewa nywele, vitu vya marehemu vinagawanywa, halafu matanga yanaisha. Vya baba vilitolewa vyote, kigoda, kofia, mrija wa pombe. Mkuki haukuwepo. Mama yangu akakataa wembe. Akasema, 'Kitu cha kwanza cha mwanamume hakipo, halafu nimalize kulia?' Walimbembeleza, wakamtukana, wakamwita mchawi. Alikufa na zile nywele, mzee. Mimi ndiye niliyemzika nazo."

Nje, malori yaliyopanga foleni kuelekea mpaka wa Malaba yalisogea kidogo, yakasimama tena.

"Na kulikuwa na jambo lingine," akaendelea. "Mama ndiye aliyemwosha baba. Alisema kidonda kilikuwa hapa, ubavuni, upana wa vidole viwili." Akaweka vidole vyake viwili juu ya mbavu zake. "Kisafi kama cha kisu. Alisema meno ya nguruwe hayakati hivyo. Lakini alikuwa mjane wa miaka ishirini, nani angemsikiliza?"

Babu alikohoa kwa muda mrefu. Nilimshika mgongo.

"Chukua mkuki," akasema alipopata pumzi. "Ni wako. Nenda umalize matanga."

Nilimkabidhi mama kwa mikono miwili. Aliushika, akaugusa waya wa shaba kwa kidole gumba, mzunguko baada ya mzunguko, kama mtu anayehesabu. Kisha akapiga magoti. Ilimchukua muda kufika chini, na Mathews alipotaka kumsaidia alimsukuma.

"Mzee Omuse," akasema, ameishika mikono ya Babu. "Nilikuja na moyo mbaya. Nilidhani nitakuta watu walioiba. Kumbe ulikuwa ukimpaka mafuta kila siku. Umemtunza baba yangu kunishinda mimi mwenyewe. Jumapili kanisani nitataja jina lako, wote wakuombee."

Babu alitazama pembeni. Machozi yalimtoka, na mama akadhani ni ya shukrani, akamfuta kwa ncha ya leso yake.

Ndipo nilipoinua macho. Sijui kwa nini. Niliona ncha ya ule mkuki wa mtoto, imechungulia chini ya bati, imejaa kutu. Upana wa vidole viwili.

Waliuzungushia mkuki wa Okwara leso na kuufunga kwa mipira ubavuni mwa pikipiki. Mathews alisema nikienda Marachi nitachinjiwa kuku. Mama alivaa helmeti, akanipungia mkono, wakatoka.

"Wameshapata walichotaka," Babu akasema, kana kwamba nilikuwa nimemuuliza kitu. "Rudisha ngao ukutani."

Sikuirudisha. Nilivuta kigoda, nikapanda, nikauchomoa ule mkuki mfupi. Uligoma, kisha ukatoka, na kutu ikanimwagikia kwenye nywele. Nilidhani Babu angefoka. Nilipouweka mapajani mwake aliushika tu, na mkono wake ukakaa wenyewe mahali pa kushikia, kama mtu ambaye hajawahi kuuachilia.

"Nani alikuambia?" akauliza.

"Hakuna, Babu."

Safari hii neno lilipita kooni.

"Watakuombea Jumapili. Watataja jina lako."

Uso wake ulivunjika. Nimeishi naye tangu mama yangu alipofariki, na sikuwahi kuuona hivyo. Alipumua mara tatu, nne, kifua kikipiga miluzi.

"Waite," akasema.

Nilikimbia pekupeku kwenye matope. Mimi ambaye hata mwenye duka hunisihi nirudie nilichoagiza, nilipita kando ya malori nikipiga kelele, "Mama Wilkister! Mama Wilkister!" Dereva mmoja akaniuliza nimeibiwa nini. Pikipiki ilikuwa imekwama nyuma ya trela, na mama akageuza shingo.

Alirudi akiwa na wasiwasi kwamba mzee amezidiwa. Alisimama mlangoni, helmeti kichwani, maji yakimdondoka. Babu alikuwa amejaribu kusimama kumngoja, akashindwa. Alimwinulia ule mkuki mdogo kwa mikono yake miwili.

"Mama," akasema, "huyu mtoto hakuandika vibaya. Mimi ndiye niliyemdanganya yeye, na wewe pia."

"Mzee, pumzika kwanza."

"Hapakuwa na nguruwe. Matete yalitikisika. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikitaka baba yangu aone kwamba mimi ni mwanamume, nikarusha kabla hajasema. Nilirusha huu. Baba aliuficha mkuki wa baba yako kwa sababu ulikuwa mkavu, hauna damu ya nguruwe wala ya kitu chochote, na watu wangeuliza."

Mama Wilkister alivua helmeti polepole. Babu hakuondoa macho yake kwake.

"Usiniombee kabla hujajua," akasema. "Okwara nilimuua mimi."