Nyasi za Mama Lemayian

Nyonga ya Sipora ilivunjika asubuhi moja akiwa amechuchumaa kukamua, kwenye boma lao nje kidogo ya Handeni. Alimaliza kukamua, akampa mumewe kibuyu cha maziwa, ndipo akaomba ashikwe mkono.

Mifupa yake ilikuwa ikilainika tangu Lemayian, mtoto wake wa pekee, alipoanza kutembea. Miguu ilipinda, kimo kikapungua, hata akawa anatazamana na ndama uso kwa uso. Zahanati walimwambia ni uchovu wa uzazi, wakampa dawa za maumivu. Kila mahali alipokwenda haja ndogo nyasi ziliota, kiangazi na masika, zikafika magotini. Ng'ombe walizitafuna, wakaramba na udongo. Ndama wao walikuwa na miguu minene kama nguzo, na wanunuzi wa mnadani waliwatambua kwa mbali. Mumewe, Sankale, alisogeza ua wa miiba ili nyasi zibaki ndani. Majirani walipokuja kuomba mama apite na kwao, alimbeba mgongoni akawapelekea.

"Baba Lemayian, nipeleke hospitali," Sipora alimwambia.

"Mvua zikinyesha," Sankale alijibu. Hakuwa na hasira. "Sasa hivi ng'ombe watakula nini?"

Mvua zilinyesha, zikakatika.

Mdogo wake Sipora, Ruthi, aliyeolewa Mkumbara, alipokuja kumsalimia alimkuta amelainika kabisa. Alimkunja kama blanketi, taratibu asimuumize, akamweka kwenye kikapu na kupanda naye basi hadi Korogwe. Kondakta aliuliza kama ndani ya kikapu kuna kitu cha kuvunjika.

"Vyote vimeshavunjika," Sipora alijibu kutoka ndani.

Hospitali, Daktari Joyceline alimkunjua kitandani, akaagiza apimwe damu na mkojo. Fosfeti, madini yanayoimarisha mifupa, ilikuwa karibu imekwisha kwenye damu. Kwenye mkojo ilikuwa tele. Daktari akampapasa mwili mzima kuanzia kichwani. Chini ya unyayo akakuta kinundu kidogo kama harage.

"Hiki kina muda gani, mama?"

"Kilianza kabla ya mifupa. Hakiumi. Hakuna aliyeniuliza."

"Ni uvimbe wa nadra sana. Unatoa homoni inayozifanya figo zimwage fosfeti yako yote. Tukiutoa, mifupa itakaza."

Ruthi alikaa pembeni ya kitanda akalia. Sipora alimwambia anyamaze, wagonjwa wengine wamelala.

Uvimbe ulitolewa. Mifupa ilikaza, ila ilikaza vilevile ilivyokuwa imepinda, na Sipora akarudi nyumbani kwa magongo, akiwa na kimo cha mtoto wa chekechea.

Nyasi zilikuwa zimenyauka kabla hajafika. Sankale alimpokea vizuri, akamtandikia ngozi kivulini, akampa chai ya maziwa. Majirani nao walikuja kumpa pole. Ng'ombe walisogea, wakamnusa, wakaenda zao.

"Umepona, mama Lemayian?" Sankale aliuliza.

"Nimepona."

"Daktari amesema hicho kinundu kinaweza kurudi?"

"Amesema hurudi mara chache."

Sankale alizitazama nyasi zilizonyauka.

"Basi tutamwomba Mungu," alisema.

Majirani wakaitikia amina. Sipora akavuta shuka, akaufunika ule unyayo.