Bastola Waliyomsingizia Emory Stallard

Usijifanye huijui. Umeingia mahakama ya kaunti mara nyingi kulipia kodi ya gari lako, ukapita mbele ya kabati la kioo pale ukumbini, ukaiona bastola nyeusi na kikaratasi chake: "Silaha ya mgomaji Emory Stallard, aliyewafyatulia risasi walinzi wa mgodi, Mei 1931." Ukasoma, ukapanga foleni. Na siku nyingine kwenye foleni hiyohiyo, mbele yako, alisimama binti yake. Ulimwona Orpha Stallard akigeuza uso kutazama ukuta wa upande wa pili. Ulijua kwa nini. Ukaangalia viatu vyako.

Mimi shule niliiacha mapema nikaingia mgodini, chini ya ardhi, na nilichosoma nimekisoma mwenyewe, kwa taa ya kofia, wakati wenzangu wakicheza karata. Lakini kusahau sikujifunza. Kwa hiyo sikiliza.

Majira haya ya kuchipua, paa la mahakama lilipoanza kuvuja, wakubwa wa kaunti waliamua kuuza vitu vya kabatini. Orpha alinipigia simu.

"Denzil, wanaiuza."

"Wanauza nini, Shangazi?"

"Ile bastola. Yule dalali, Royce Pettry, ameitia kwenye kitabu chake cha mnada. Ukurasa mzima, mwanangu, na picha ya rangi. Baba hakuwahi kupigwa picha ya rangi hata moja."

Si shangazi yangu wa damu. Ndiye aliyenilisha mama alipofariki, na hilo linatosha. Nilimkuta jikoni, mrija wa oksijeni puani, anachambua maharage. Moyo wake umechoka. Daktari amemwambia asipande ngazi wala asigombane na mtu.

"Nikienda kumpiga Royce," nikasema, "utanitolea dhamana?"

"Sina nguvu ya kupanda ngazi za jela. Kaa."

Nikakaa. Akaniambia jambo ambalo nililisikia tangu utoto, ila safari hii alilisema polepole kama mtu anayefungasha mizigo yake. Siku ile wagomaji walipoandamana kwenda ofisi ya kampuni ya makaa ya Harrow Creek, yeye alikuwa na miaka mitano, amekaa mabegani mwa baba yake. Barabara ilikuwa na matope. Baba alimshika vifundo vya miguu, mkono huu na mkono huu, asianguke. Orpha akavuta soksi zake chini akanionyesha. Miguu imevimba, ngozi nyembamba kama karatasi ya vitunguu.

"Hapa na hapa," akasema. "Walinzi walipompiga risasi tulianguka pamoja, bado kanishika. Bastola aliishika kwa mkono gani?"

Akapandisha soksi zake.

"Fidia siitaki, Denzil. Nimekuwa nikisema peke yangu maisha yangu yote. Kabla sijaondoka nataka nisikie mtu mwingine akisema, mbele za watu."

Basi nikaanza kuulizia. Wakusanyaji wa silaha za zamani wana desturi yao. Kiwanda kilichotengeneza bastola ile kipo Massachusetts mpaka leo, na kina mtu anayetunza karatasi za zamani. Ukimpelekea namba ya bastola, anatafuta, anakuandikia barua: imetoka kiwandani siku fulani, imepelekwa kwa fulani. Watu wanazithamini barua hizo kuliko vyeti vya ndoa. Royce hakuwa ameomba. Alishakuwa na hadithi, na hadithi nzuri haihojiwi na anayeiuza.

Siku watu walipoalikwa kutazama vitu kabla ya mnada, nikaenda dukani kwake nikaomba namba. Akafungua silinda inayobeba risasi, akachungulia kwenye fremu, pale panapolala mkono unaoibeba silinda ikifunguka, akanisomea. Nikaandika, nikatuma.

Jibu lilikuja kwa upole mwingi. Mtunza karatasi alisema namba ile si ya bastola ya aina ile. Tuliyoisoma ni alama ya mafundi tu, waliyoigonga ili vipande vilivyolingana vikienda kung'arishwa virudi kukutana. Watu wengi hukosea hapo. Namba yenyewe iko chini ya mpini, kitakoni.

Orpha alicheka mpaka nikaogopa mrija utamtoka. "Kwa hiyo tumemwandikia bwana wa watu kuhusu alama ya fundi?"

"Royce ndiye aliyesoma, Shangazi."

"Royce hata Zaburi alikuwa anaisoma juu chini."

Tukarudi dukani wote wawili, mimi nikivuta mtungi wake wa oksijeni kwenye magurudumu. Tatizo lilikuwa mpini. Sherifu mmojawapo wa zamani aliutoa ule mdogo wa asili, akaweka mti mnene wa kujaza kiganja, na ule mti ulifunika kitako chote. Lazima ufunguliwe.

"Haiwezekani," Royce akasema. "Mnunuzi anataka skrubu ambazo hazijaguswa. Mzee Denzil, wewe unatafuta ugomvi tu, kama kawaida yako."

"Royce, mwanangu," Orpha akasema, "unakumbuka nilikufundisha shule ya Jumapili?"

"Nakumbuka, Shangazi."

"Unakumbuka siku ya igizo la Krismasi, ulipokuwa mchungaji wa kondoo, ukashindwa kujizuia, ukailowanisha hori?"

Wateja wawili wakageuka. "Shangazi, tafadhali."

"Lete bisibisi, basi, kabla sijaanza ile ya kambi ya vijana."

Bisibisi ikaja. Skrubu ikalia kidogo, mti ukaachia, na pale chini, wazi kabisa kwenye chuma, palikuwa na namba nyingine. Nikaiandika mara mbili na Royce nikamfanya aikague. Alipotaka kufunga, Orpha akanyoosha mikono.

"Nipe niishike."

Hakuwahi kuigusa. Aliipokea kwa viganja vyote viwili, kama unavyopokea kifaranga. Akaipangusa kwa kidole gumba, mahali ambapo rangi imebabuka. Nilidhani atalia, au ataitupa.

"Maskini," akaiambia. "Na wewe wamekusingizia."

Barua ya pili ilichelewa. Wakati tukiisubiri, Orpha alilazwa hospitali, akatoka, akawa halali ila ameegemea mito. Ilipofika nilimsomea palepale kitandani. Bastola yenye namba ile ilitoka kiwandani Oktoba 1931, sandukuni pamoja na nyingine za aina yake, ikapelekwa kwa kampuni ya makaa ya Harrow Creek.

"Soma mwezi."

"Oktoba, Shangazi."

"Baba tulimzika Mei."

"Mei."

"Oktoba tulikuwa tumeshafukuzwa kwenye nyumba ya kampuni. Tulikuwa kwenye hema. Mama alikuwa anatuwekea mawe ya moto miguuni." Na ile kesi ya mama yake ya kudai fidia ya mumewe, ambapo sherifu aliiweka bastola mezani mbele ya hakimu na kusema tuliikuta mkononi mwa Emory, ilisikilizwa baada ya hapo, wakati wa theluji. Kila mtu mzima hapa anajua hivyo. Walihitaji silaha, wakachukua moja kwenye sanduku lao.

Orpha akasema, sauti ndogo:

"Unajua, Denzil, nilikuwa nimeanza kudhani niliota. Ile mikono. Ukiambiwa miaka yote kwamba hukuona ulichoona, unafika mahali unajiuliza. Nilikuwa nikivua soksi naangalia, kana kwamba patakuwa na alama."

Nikamshika miguu, juu ya blanketi. Sikujua la kufanya jingine. Akaniachia nimshike.

"Mikono yako mizito," akasema baadaye. "Yake ilikuwa mizito hivyohivyo."

Kesho yake nikampelekea Royce nakala. Uso ukamng'aa. "Barua ya kiwanda! Imepelekwa moja kwa moja kampuni ya mgodi! Mzee, hii itawatoa watu udenda."

"Na hadithi utaifuta?"

"Kitabu kimeshachapishwa. Watu wanapiga simu kwa sababu ya hadithi. Nitaongeza neno, 'inasemekana'."

Niliyomwambia hayaandikiki. Ndiyo maana amenipiga marufuku kukanyaga ukumbi wake. Nikaenda kwa wakubwa wa kaunti; wakaniambia jambo hili litaangaliwa mnada ukishapita. Ukishapita! Wakati hadithi imeshanunuliwa, imefungwa kwenye boksi, imepanda lori kwenda nyumba ya tajiri fulani kutundikwa juu ya meko ya sebule yake.

Kwa hiyo nakuja kwako, wewe uliyeangalia viatu. Mnada ni Jumamosi hii asubuhi. Orpha atakuwa kiti cha mbele, daktari apende asipende. Hawezi kupaza sauti tena. Mimi nitakuwa nje, kwenye maegesho. Lakini Royce ana sheria yake mwenyewe, imebandikwa mlangoni: mwenye kibao cha mnada anaruhusiwa kuuliza swali juu ya kitu kabla bei haijaanza, na dalali lazima ajibu kwa sauti, kila mtu asikie. Kibao kinatolewa kwa yeyote mwenye leseni ya udereva. Huhitaji kununua chochote.

Nenda leo ukajiandikishe, duka halijafungwa. Chukua kibao chako. Bastola ikiletwa mezani, kinyanyue, usimame, uulize ilitoka kiwandani mwezi gani, na Emory Stallard alizikwa mwezi gani. Akijibu kwa kumumunya maneno, jirani yako anyanyue chake aulize tena. Na wa nyuma yake. Muulizeni mpaka aseme lote, polepole, yule mama wa kiti cha mbele alisikie. Usisubiri mwingine aanze. Vaa koti lako, toka sasa hivi.