Bonyeza Moja Kama Ni Nzuri

Swali lile niliandika mimi. Naanza na hilo ili mtu asije akamlaumu fundi wa kompyuta, ingawa kumlaumu fundi wa kompyuta ni burudani yetu sote pale kliniki. Tunamwita Nywila, kwa sababu kila mwezi anatubadilishia nywila za kufungulia kompyuta halafu anasahau kutuambia. Safari hii hana kosa.

Mimi ni karani wa kumbukumbu katika kliniki ya moyo. Zamani kazi yangu ilikuwa kupanga mafaili, na tangu mafaili yahamie kwenye kompyuta, kazi yangu ni kuyatafuta yalikokwenda. Mwaka huu tukaletewa mpango mpya. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, simu yake inapokea ujumbe kila asubuhi saa moja kamili wa kumjulia hali, naye anajibu kwa kubonyeza namba. Akijibu kwamba yu mzima, jina lake kwenye skrini yangu linageuka kijani na mambo yanaishia hapo. Akijibu vingine, jina linageuka jekundu, anaulizwa kama miguu imevimba, kama anakosa pumzi akilala, na nesi anampigia simu.

Ujumbe wa kwanza aliutunga Nywila mwenyewe: "Mgonjwa, toa taarifa ya hali yako ya kiafya." Nikamwambia huo si ujumbe, hiyo ni hati ya kuitwa mahakamani, na mgonjwa wa moyo akiisoma asubuhi na mapema atatuletea kazi nyingine. Akasema haya, andika wewe unayejua maneno. Nikaandika: "Habari za asubuhi? Umeamkaje leo? Bonyeza 1 kama ni nzuri. Bonyeza 2 kama ni mbaya." Kwa wa kubonyeza moja nikaongeza, "Tunashukuru. Uwe na siku njema." Nilijipongeza wiki nzima.

Tuliandikisha wagonjwa arobaini na watatu, na mmoja wao alikuwa baba yangu.

Baba ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Fundi Robo, maana ukimwambia suruali inakubana atakuuliza inakubana robo inchi au nusu. Tangu mama atutoke anaishi peke yake, cherehani chumba cha mbele, kitanda chumba cha nyuma, na kutoka kwangu ni mwendo wa saa nzima kwa basi. Alikuwa amelazwa siku kumi na mbili kwa sababu moyo wake umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, na maji yanajaa miguuni na kifuani. Alipopata nafuu nilimwandikisha mwenyewe kwenye mpango wetu. Kabla ya hapo nilikuwa nampigia kila jioni. Baada ya hapo nilikuwa nafika kazini, nafungua kompyuta, naona jina la baba kijani, nakunywa chai yangu kwa amani. Mtu ukishajua ni mzima, umpigie umwambie nini? Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia, na sijivunii.

Siku ya ishirini na tatu, Ijumaa, nesi mkuu alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Huyu mama alianza kazi wodini mimi nikiwa bado natafuna penseli shuleni, na haamini kitu chochote chenye waya.

"Wote kijani?" akauliza.

"Wote," nikasema kwa maringo.

"Siku ngapi sasa?"

"Ishirini na tatu."

"Basi tufunge kliniki twende nyumbani. Mimi wodini sijawahi kuona hata wagonjwa kumi wakaamka wazima wote siku moja. Hao wako wanaishi wapi, peponi?"

Nikanuna. Nikamwambia labda dawa zinafanya kazi, maana ndiyo kazi ya dawa. Hakujali. Alikuwa anasoma swali langu kwenye skrini, midomo ikicheza.

"Wewe mwandishi," akasema, "mtu akikusalimia njiani, habari za asubuhi, unamjibuje?"

"Nzuri."

"Hata ukiwa na homa?"

"Nzuri, ila nina homa kidogo."

"Sasa hiyo ila wanaibonyezea wapi?"

Salamu haijibiwi kwa mbaya. Hata msibani, mtu akikusalimia mlangoni unaanza na nzuri ndipo unalia. Ubaya una zamu yake. Unakuja baada ya salamu ya pili au ya tatu, ukishaulizwa za nyumbani na za watoto, na hauingii bila kutangulizwa na ila. Mimi niliyenyonya lugha hii pamoja na maziwa nilikuwa nimewasalimia watu arobaini na watatu, kisha nikawafungia mlango kwenye neno la kwanza. Nikachukua simu nikampigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko?"

"Nzuri tu."

"Na za afya?"

"Nzuri," akasema, akavuta pumzi, "nzuri."

Mtu mzima wa afya havuti pumzi kati ya maneno mawili. Nikachukua mkoba wangu, nikamwambia nesi mkuu natoka, naye akaniambia kimbia.

Nilimkuta ameketi nyuma ya cherehani, lakini cherehani chenyewe kilikuwa kimefunikwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona saa za kazi. Alikuwa amenyoa ndevu vizuri kabisa, shati limepigwa pasi. Miguuni alikuwa amejifunika kipande cha kitenge kama mtu anayesikia baridi, na siku ile jua lilikuwa kali. Kwenye kiti cha wateja kulikuwa na mito mitatu na blanketi lililokunjwa.

"Unalala wapi, baba?"

"Kitandani. Watu wanalala wapi?"

"Na mito hii?"

"Ya wateja. Wanapenda kukaa vizuri."

Nikamwomba asimame. Akasimama kwa kushika meza. Suruali ile ya kijivu naijua, maana nilimpelekea kitambaa mwenyewe, na mtu mwingine asingeona kitu. Lakini mimi ni mtoto wa fundi. Uzi wa kiunoni ulikuwa mpya kuliko kitambaa, na pembeni yake palionekana vitundu vya mishono miwili iliyofumuliwa.

"Umeongeza kiuno mara mbili," nikasema.

"Nimenenepa. Nakula vizuri."

Nikapiga magoti nikaondoa kitenge. Miguu ilikuwa imejaa mpaka vifundo havionekani, ngozi inang'aa. Nikabonyeza kwa kidole gumba, na shimo likabaki palepale.

"Usikasirike," baba akasema. "Nilikuwa napima."

Akavuta daftari lake la vipimo vya wateja, akafungua ukurasa wa mwisho. Juu alikuwa ameandika Mimi, kama anavyoandika jina la mteja. Chini yake mistari ishirini na mitatu, kila mmoja na tarehe, kifundo cha kulia, kifundo cha kushoto, kiuno. Kifundo cha kulia kilianza inchi tisa na robo. Asubuhi ile kilikuwa kumi na moja na nusu. Hakuna siku aliyoruka. Kila kitu ambacho kliniki yetu ilitaka kujua kilikuwa mle, kwa penseli.

"Sasa kwa nini kwenye simu ulikuwa unabonyeza moja?"

"Ulitaka nibonyeze nini?"

"Mbili, baba. Mbili ndiyo mbaya."

Akanitazama kama mtoto aliyekosa adabu mbele ya wageni. "Mtu ameamka asubuhi yote ile kunijulia hali, mimi nimwambie mbaya? Kabla hata hajanywa chai?"

"Mtu gani?"

"Wewe," akasema. "Kwani maneno yale si yako? Umeamkaje leo. Hivyohivyo ulivyokuwa ukimwamkia mama yako. Nilipoyaona siku ya kwanza nikayajua. Ndiyo maana naamka saa kumi na mbili, nanyoa ndevu, nakaa hapa nasubiri. Hujachelewa hata siku moja. Nikasema, huyu mtoto na kazi zake zote zile hajanisahau."

Sikupata ujasiri wa kumwambia. Nilisema tu kwamba tunakwenda hospitali, sasa hivi, akakataa. Aliona aibu. Ataonekanaje, mzee mzima amebonyeza uongo siku ishirini na tatu, tena kazini kwa binti yake? Nikamwambia tutasema alikosea namba. Hapo nusura tugombane.

"Mimi sijawahi kukosea namba," akasema.

"Basi chukua daftari. Namba za humo ndizo za kweli. Nenda ukawaonyeshe."

Hilo alilifikiria. Kisha akatafuta viatu, hakikumwingia hata kimoja, akavaa ndala.

Daktari wa zamu alikuwa mpole, na kama kawaida akaanza, "Habari, mzee?" Baba akajibu, "Nzuri, daktari," na daktari akaanza kuandika. Nililaza daftari juu ya karatasi yake, nusura juu ya mkono wake. Akasoma ukurasa ule kuanzia juu mpaka chini.

"Nani amepima hivi?"

"Mimi," baba akasema.

"Mpaka robo inchi?"

"Sasa mtu anapimaje?"

Daktari aliweka kalamu chini. Alisikiliza kifua chake mbele na nyuma, muda mrefu, akaniambia pembeni kwamba maji yamefika mapafuni na wiki moja zaidi isingekuwa wiki nzuri. Baba akalazwa jioni ileile, akachomwa sindano za kutoa maji.

Jumamosi kliniki ilikuwa imefungwa, lakini tulikutana watatu, mimi, Nywila na nesi mkuu, tukalifuta swali langu. Salamu tuliiacha, maana adabu ni adabu, ila hatukuiombea jibu. Chini yake nesi mkuu akatuandikisha maswali yake: Jana ulilalia mito mingapi? Viatu vyako vya kawaida vinaingia? Ukitoka kitandani kwenda mlangoni unapumzika njiani? Jumatatu saa moja ujumbe ukaondoka, na kufika saa tatu majina kumi na moja yalikuwa mekundu. Nesi mkuu alishika simu, hakuiweka chini mpaka saa saba. Wawili waliletwa siku hiyohiyo. Alikuwa na haki ya kunisimanga mwaka mzima na hakunisimanga hata mara moja, nami nikampenda kwa hilo.

Baba alitoka wodini siku ya tisa, kwa miguu yake. Lakini Jumatatu ile hatukuwa tunajua bado. Miguu haikuwa imepungua vya kutosha, na daktari alisema tusubiri tuone kama moyo utazipokea dawa. Saa kumi, muda wa kuwaona wagonjwa, nilimkuta ameegemea mito, simu yake ndogo ikiwa juu ya shuka.

"Tangu Jumamosi hujanisalimia," akasema. "Nikajua una shughuli."

Mgonjwa akilazwa, kompyuta humwondoa kwenye orodha yenyewe. Ningeweza kumwambia simu za wodini zina matatizo. Angeniamini.

"Baba, si mimi," nikasema. "Ni kompyuta. Inatuma yenyewe, kwa watu arobaini na watatu, hata mimi nikiwa bado nimelala. Maneno niliandika mara moja tu. Baada ya hapo nilikuwa naangalia rangi."

Vidole vyake vilikuwa vinapita kwenye pindo la shuka, vinakagua mshono.

"Hata siku ile ya mvua kubwa?"

"Hata hiyo."

Nilitaka anigombeze. Ningepata nafuu. Badala yake akaanza kucheka kidogokidogo mpaka kikohozi kikamkatiza.

"Kumbe nimekuwa nikimnyolea ndevu kompyuta," akasema.

Hapo machozi yakanitoka, hapohapo mbele ya wagonjwa watano na ndugu zao. Nikamwomba radhi. Nikamwambia katika siku ishirini na tatu nilimpigia mara mbili, na mara moja ilikuwa kumuuliza alikoweka cheti changu cha kuzaliwa. Akanisubiri nimalize, kisha akaupiga ukingo wa kitanda kwa kiganja.

"Kaa," akasema. "Haya, nisalimie sasa."

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Habari za leo?"

Niliiona nzuri ikija. Midomo ilikuwa imeshajiweka tayari. Kisha akaitazama miguu yake chini ya shuka, akanitazama mimi, akaiacha.

"Mbaya," akasema. "Mbaya, mwanangu. Nikilala chali nahisi nazama. Naogopa kufumba macho. Nakaa hivi mpaka kunakucha kwa sababu naogopa."

Sikuwahi kumsikia baba akisema anaogopa, hata siku tuliyomzika mama. Sikumwambia atapona, maana sikujua. Nilimshika mkono, nikavuta kiti mpaka magoti yangu yakagusa kitanda, nikamuuliza imeanza lini. Akaanza kunieleza tangu mwanzo, taratibu, pumzi kwa pumzi. Kengele ya kutufukuza ililia katikati ya maelezo. Nesi wa wodi alipita akiwatoa watu, akafika kwetu, akasikia kidogo, akapita.